Maumivu sugu ya kichwa: Jinsi wagonjwa walivyotibiwa kwa barua kabla ya kuwepo simu

Mkazi wa Biryogo, mjini Kigali, anayeumwa kichwa kwa wiki kadhaa anaweza kulieleza tatizo lake kwa zaidi ya lugha moja. Kwa Kinyarwanda atasema "ndwaye umutwe". Kwa Kiswahili, lugha iliyokita mizizi katika mtaa huo tangu enzi za ukoloni, wakati wafanyabiashara Waislamu walipotengewa makazi yao hapo, atasema kichwa kinamgonga, kinampwita au kinamwanga. Na kama maumivu yameshika upande mmoja tu wa kichwa, ana neno lake maalumu: kipandauso.

Tofauti hizo za maneno huwa na uzito wa pekee pale daktari anapokuwa mbali. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2023, Wanyarwanda waliweza kumwona daktari kwa simu kupitia huduma ya Babyl, iliyomilikiwa na kampuni ya Uingereza ya Babylon. Mgonjwa alijieleza, muuguzi au daktari akauliza maswali, kisha ujumbe mfupi ukatumwa wenye namba ya kuonyesha kwenye duka la dawa au maabara. Zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha kabla huduma hiyo haijasitishwa kufuatia kuporomoka kwa kampuni mama.

Wengi waliiona kama jambo jipya kabisa. Hata hivyo, tiba ya mtu asiyeonekana ina historia ndefu. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki dunia katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye, akiyapanga maradhi kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika Ulaya ya karne ya 17 na 18, kuandikiana barua na daktari ilikuwa njia ya kawaida ya matibabu kwa wenye uwezo, na maumivu ya kichwa yasiyokoma yalikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyofaa sana kwa njia hiyo. Hata daktari aliyeketi kitandani pa mgonjwa hakuwa na la kutazama. Hakuna jeraha wala uvimbe. Kilichokuwepo ni maelezo tu.

Mwanamke aliyewashinda mabingwa

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Anne Conway, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1631. Alipata homa kali akiwa na umri wa miaka 12, na tangu hapo maumivu ya kichwa hayakumwacha hadi alipofariki mwaka 1679. Kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu, alijifunza falsafa kwa kuandikiana na Henry More wa Cambridge, na katika barua hizo hoja kuhusu roho na mwili zinachanganyikana na habari za dawa, za siku alizoshindwa kuamka na za matabibu wapya waliopendekezwa na marafiki.

Miongoni mwa waliojaribu kumtibu ni William Harvey, aliyegundua mzunguko wa damu, na Thomas Willis, bingwa wa ubongo wa zama zake. Mwaka 1656 alivuka bahari hadi Ufaransa akiwa tayari kutobolewa fuvu la kichwa. Wapasuaji hawakuthubutu, wakamfungua mishipa ya damu badala yake. Mwaka 1666 aliletewa kutoka Ireland Valentine Greatrakes, mtu aliyesifika kuponya kwa kugusa kwa mikono. Naye hakufaulu. Willis alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1672 bila kumtaja mgonjwa kwa jina, na hivyo mateso ya mwanamke mmoja yakaingia katika elimu ya tiba kupitia maneno yake mwenyewe na ya waliomhudumia.

Maswali kabla ya dawa

Daktari wa barua alikabiliwa na tatizo moja kubwa: mgonjwa huandika anachokiona muhimu, na si lazima kiwe kile anachokihitaji daktari. Samuel Auguste Tissot, tabibu wa Lausanne nchini Uswisi, alilitafutia ufumbuzi. Katika kitabu chake cha afya kwa watu wa kawaida, kilichochapishwa mwaka 1761 na kutafsiriwa katika lugha nyingi, aliweka orodha ya maswali ambayo kila anayemwendea daktari lazima aweze kuyajibu: umri, maradhi ya zamani, ugonjwa ulianza lini, usingizi, choo, chakula, na kwa wanawake, hedhi na ujauzito. Barua zaidi ya elfu moja alizoandikiwa zimehifadhiwa Lausanne hadi leo. Tissot aliandika kwa kirefu pia kuhusu kipandauso, akiamini kwamba chanzo chake kiko tumboni. Alikosea kuhusu chanzo, lakini kichefuchefu alichokiona kwa wagonjwa wake ni dalili inayotambuliwa na kila daktari wa leo.

Huko Edinburgh, Profesa William Cullen alijibu barua nyingi kiasi kwamba mwaka 1781 alianza kutumia mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa injini ya mvuke. Kwa hiyo tunazo pande zote mbili za mazungumzo, swali na jawabu, jambo ambalo ni nadra.

Majawabu ya madaktari wa zama hizo yalihusu zaidi mwenendo wa maisha: kula kwa kiasi, kulala mapema, kupanda farasi. Yalipofika kwenye dawa, yalikuwa makali. Mgonjwa aliwekewa ruba kwenye panja, akabandikwa plasta ya kutoa malengelenge kisogoni, akapewa dawa ya kuharisha, au akaumikwa. Wakazi wa Biryogo wanaoifahamu hijama watalitambua hilo la mwisho. (Kiswahili kina utani wake hapa: kupiga chuku ni kuumika, na pia ni kutia chumvi katika maelezo, tuhuma ambayo wagonjwa wa kichwa wameizoea mno.)

Njia hiyo ilianza kufifia katika karne ya 19. Mwaka 1816 Mfaransa René Laennec alibuni kifaa cha kusikilizia kifua, na polepole daktari akaanza kuuamini mwili alioupima kuliko simulizi aliyoisoma. Katika maradhi ya moyo na mapafu hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele. Kwa maumivu ya kichwa faida haikuwa dhahiri hivyo: hadi sasa kipandauso hutambuliwa hasa kwa kumsikiliza mgonjwa, na hakuna kipimo cha damu kinachokithibitisha.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maradhi ya kichwa yaliwapata takriban watu bilioni 3.1 mwaka 2021, karibu asilimia 40 ya watu wote. Madaktari huwashauri wenye maumivu ya mara kwa mara waandike siku, saa, upande unaouma, walichokula na dawa waliyomeza. Hilo la dawa halipaswi kurukwa, kwani anayemeza vidonge vya maumivu siku 10 hadi 15 au zaidi kila mwezi anaweza kupata maumivu yanayosababishwa na vidonge vyenyewe.

Zipo hali ambazo barua haikuzifaa na simu pia haizifai. Maumivu makali yanayolipuka ghafla, yanayoambatana na homa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja au kupoteza uwezo wa kuona, yanayofuata pigo la kichwa, yanayompata mjamzito, au yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, yanahitaji mgonjwa afikishwe hospitalini bila kusubiri jibu la mtu aliye mbali.