Deni la Mtunza Bustani

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Duke wa Westminster, mmoja wa mabwenyenye wakubwa wa Uingereza, alikuwa na mtunza bustani aliyelipwa pauni 3 kwa wiki. Wanasheria wa Duke wakampa wazo. Sheria ya wakati ule haikumruhusu tajiri kutoa mishahara ya watumishi wa nyumbani kwake kwenye hesabu ya kodi, lakini ilimruhusu kutoa malipo aliyoahidi kumpa mtu kwa hati rasmi, kwa miaka kadhaa. Basi Duke akatia sahihi hati. Mtunza bustani akaendelea na jembe lake kama jana, pesa zikaendelea kuja, ila kwenye karatasi sehemu kubwa ya pesa hizo haikuitwa mshahara tena.

Kesi ikafika House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mwaka 1935, majaji wanne kati ya watano wakasema Duke yuko sawa. Mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi iwe ndogo kadiri sheria inavyoruhusu.

Wanaosoma sheria huisoma kesi hii kama kesi ya Duke. Mimi humwangalia yule mtunza bustani. Hati iliandikwa kwa jina lake, lakini faida ilikuwa ya bosi. Angalau na hatari pia ilikuwa ya bosi: kodi iliyobishaniwa ilikuwa ya Duke, na kama angeshindwa, bili ingebisha hodi mlangoni kwa Duke. Miaka 70 baadaye mambo yaligeuka. Bili ilianza kwenda kwa mtunza bustani.

Hebu turuke hadi 1999. Uingereza ilikuwa imejaa wafanyakazi wa kandarasi, hasa watu wa kompyuta. Badala ya kuajiriwa, mtu alifungua kampuni yake ndogo, akailipisha benki au kiwanda, kisha akajilipa mwenyewe kutoka kwenye kampuni hiyo. Kodi ilikuwa nafuu kuliko ya mwajiriwa wa kawaida. Tarehe 9 Machi 1999 serikali ikatoa tangazo lililojulikana kwa namba yake, IR35. Ujumbe ulikuwa huu: kama unafanya kazi kama mwajiriwa, tutakutoza kama mwajiriwa. Sheria ikaanza kutumika Aprili 2000.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua kwa uhakika yuko upande gani wa mstari. Mkataba uleule ungeweza kusomwa hivi au vile. Na penye hofu hapakosi muuzaji wa dawa.

Wauzaji wengi walikuwa na anwani visiwani. Isle of Man kiko katikati ya Bahari ya Ireland. Kiko chini ya taji la Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake na sheria zake za kodi. Jersey na Guernsey ni vivyo hivyo. Kutoka huko zikaja kampuni zilizomwambia mfanyakazi wa kandarasi: achana na IR35, sisi tutakuajiri, na utabaki na asilimia 80 au hata 90 ya pesa zako. Wanasheria wakubwa wamepitia mpango huu. Ni halali kabisa.

Mchezo ulichezwa hivi. Tuseme kazi yako inalipa pauni 50,000 kwa mwaka. Kampuni ya kisiwani inapokea zote. Inakupa 10,000 kama mshahara, unakatwa kodi kidogo. Inachukua 7,500 kama ada yake. Zile 32,500 zilizobaki zinapitishwa kwenye mfuko wa amana, halafu zinakuja kwako kama mkopo. Mkopo hautozwi kodi kama mshahara kwa sababu mkopo si mapato. Ni pesa za mwenyewe na utazirudisha. Ila huu hakuna aliyetarajia urudishwe. Mwaka ujao unapewa mwingine, na mwaka unaofuata mwingine. Sisi husema dawa ya deni ni kulipa. Mpango huu wote ulisimama juu ya deni lisilo na dawa.

Onyo la kwanza lilikuja 2008. Bunge lilifunga mpango mmoja wa Isle of Man uliokuwa ukitumiwa na wafanyakazi wa kandarasi, tena likasema sheria isomwe kana kwamba ilikuwa hivyo siku zote. Mtaalamu mmoja wa kompyuta alikwenda mahakamani kulalamika kwamba sheria haiwezi kurudi nyuma kumfuata mtu. Alishindwa, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikamshinda tena. Ungedhani wauzaji wangefunga duka. Walibadilisha majina ya kampuni na kuendelea na mikopo.

Na wateja wakabadilika. Mwanzoni walikuwa watu wa kompyuta na wahandisi wenye malipo manono. Baadaye wakaingia wauguzi wa zamu, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, walimu wa kuziba nafasi. Wengine hawakuwa wanatafuta kuepuka kodi hata kidogo. Waliambiwa na wakala aliyewapa kazi: ukitaka zamu hii, malipo yatapitia kampuni hii, tia sahihi hapa. Karatasi ikawa na maneno ya amana na mkopo katikati ya kurasa ambazo mtu anayeanza kazi kesho asubuhi hana muda wa kuzisoma.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea. Julai, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Rangers, klabu ya soka ya Glasgow iliyokuwa imewalipa baadhi ya wachezaji wake kwa njia hiyohiyo ya amana na mikopo kati ya 2001 na 2010. Majaji wakasema pesa hizo ni mshahara tu, na kodi ilipaswa kukatwa na mwajiri zilipokuwa zinaingia kwenye amana. Soma hapo tena: kukatwa na mwajiri. Lakini kampuni iliyomiliki klabu ilikuwa imefilisika tangu 2012. Na kwa wafanyakazi wa kandarasi, mwajiri mwenyewe alikuwa sanduku la posta kisiwani, au alishafutwa kwenye daftari la makampuni.

Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha tozo inayoitwa Loan Charge. Kila mkopo wa aina hii uliotolewa tangu 6 Aprili 1999, kama haujalipwa kufikia 5 Aprili 2019, ungehesabiwa kuwa mapato. Tena mapato ya mwaka mmoja. Pesa ulizokula kidogo kidogo kwa miaka 10 au 15 zinarundikwa kwenye fomu moja, na rundo likikua, kiwango kinapanda hadi asilimia 45. Serikali ilikadiria kwamba watu wapatao 50,000 wangeguswa.

Watu waliuza nyumba. Ndoa zilivunjika. Mamlaka ya kodi, HMRC, yenyewe imekiri kwamba watu 10 waliokuwa wakikabiliwa na tozo hiyo walijiua. Desemba 2019, baada ya tathmini ya Sir Amyas Morse, serikali ilikubali kuiacha mikopo ya kabla ya 9 Desemba 2010. Mwaka 2025 tathmini nyingine ikaanza. Kwa wengine nafuu ilichelewa mno.

Halafu kukaja pigo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kuliandika. Baadhi ya ile mikopo ya uongo iliuzwa. Kampuni nyingine zikainunua na kuanza kutuma barua: tunakudai, lipa. Mtu aliyekuwa tayari anatozwa kodi kwa sababu serikali inasema ule ulikuwa mshahara, sasa anadaiwa na mtu mwingine anayesema ule ulikuwa mkopo kwelikweli.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Anayebaki na asilimia 85 wakati jirani yake mwenye mapato kama yake anabaki na 65 lazima ajiulize maswali. Kodi ambayo yeye halipi, muuguzi mwenzake aliyeajiriwa rasmi anailipa. Kweli kabisa. Lakini angalia nani alipata nini. Muuzaji alichukua ada yake kwanza, kila mwezi, taslimu. Wakala alipata wafanyakazi wa bei nafuu. Mfanyakazi alipata pesa zake mwenyewe zikiwa na jina bandia, na ndiye pekee aliyetia sahihi fomu ya kodi.

Hii si stori ya mbali sana na sisi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Mtu aliyetoka Kitui au Kakamega, anayetafuta zamu za ziada ili atume pesa nyumbani, ni mteja mzuri sana wa kampuni za namna hii, na bado zinazaliwa upya kila mwaka. Na kina sisi tulio hapahapa, tunaolipwa kwa invoisi na kampuni ambazo hatujawahi kuona ofisi zao, tayari tunaitwa watu wa kandarasi. Sheria yetu ya taratibu za kodi huipa KRA miaka mitano kurudi kukukagua, lakini palipo na ulaghai au uzembe wa makusudi, hakuna ukomo.

Kwa hiyo mtu akikuletea mpango wa kuomoka bila kodi, usimuulize kama ni halali. Atasema ndiyo, na huenda leo ni halali kweli. Muulize pesa hizi zinaitwaje kwenye karatasi, na kama ni jina lilelile utakaloweza kulitaja mbele ya ofisa wa kodi miaka 15 ijayo. Muulize ada yake inalipwa lini. Kisha muulize bili ikija, itaandikwa jina la nani. Wauguzi wa Uingereza walikuja kulipata jibu la swali hilo la mwisho kwenye bahasha ya HMRC, wakati aliyewauzia mpango hapokei tena simu.