Damu ya Mzee: Venye Utapata Maruni Ileile Hata Kama Kopo ni la Kampuni Ingine

Kama umewahi kukodi keja kwa ploti ya Kayole, Githurai ama Roysambu, huo ukuta unaujua. Juu krimu, chini maruni. Wengine huiita hiyo rangi damu ya mzee. Malandilodi wanaipenda juu inaficha mambo mengi: alama za viatu, mafuta ya jiko, vidole vya watoi.

Noma inaanza siku ya kuhama. Umetoa misumari, umeziba mashimo, na sasa unaambiwa uache ukuta venye uliupata. Unaingia hadiwea, unaitisha maruni, unapaka. Ikikauka, kiraka kinaonekana kutoka kwa mlango. Keateka anapiga picha, anatumia landi, na dipoziti yako inaanza kuyeyuka.

Hii hapa ni rada kamili ya kupatanisha rangi nyekundu iliyokolea, kutoka kopo la kampuni moja hadi lingine.

Mbona maruni mbili hazifanani?

Kwanza, "maruni" ni jina tu. Hakuna sheria inayolazimisha maruni ya Crown ifanane na ya Duracoat ama ya Sadolin. Kila kampuni ina kadi yake na mchanganyiko wake. Moja inaweza kuegemea zambarau, ingine ikae kahawia kama tofali.

Pili, kuna kile kinachotiwa ndani. Nyekundu ya bei nafuu hutengenezwa kwa oksidi ya chuma, yaani ni ndugu wa kutu. Hiyo inavumilia jua miaka mingi lakini ina ukahawia. Nyekundu kali zaidi hutoka kwa kemikali za kiwandani, na baadhi yazo hupauka zikichomwa na jua. Ili kupata maruni, fundi wa rangi anachanganya nyekundu hizo na nyeusi kidogo, saa zingine na zambarau. Kampuni mbili zinaweza kufika karibu na rangi moja kwa njia tofauti kabisa.

Hapo ndo kuna mtego. Rangi mbili zilizochanganywa tofauti zinaweza kufanana mchana kwa dirisha, halafu usiku ukiwasha balbu zinaachana. Usiamini macho yako chini ya taa moja pekee.

Tatu, ukuta wako umezeeka. Umepigwa na jua, moshi na sabuni. Hata ukipata kopo la kampuni ileile, la jina lilelile, rangi mpya haitakuwa sare na ile ya miaka mitano iliyopita.

Kabla utoe hata bob

Uliza keateka kama kuna kopo lililobaki. Ploti nyingi huwa na stoo yenye ndoo za zamani. Hata kama rangi imekauka, lebo inaweza kukuambia kampuni, jina, namba, na kama ni rangi ya mafuta ama ya maji. Kama ilichanganywa na mashine, angalia kistika kwa kifuniko. Hicho huwa na mchanganyiko wote.

Lakini skia, huo mchanganyiko ni wa kampuni hiyo tu. Ukiupeleka kwa mashine ya kampuni ingine utapata kitu kingine, juu nguvu ya rangi zao na besi yao ni tofauti. Besi ni ile rangi ya mwanzo ambayo mashine inadondoshea matone. Rangi hafifu hutumia besi nyeupe. Maruni inahitaji besi ya rangi nzito, yenye weupe kidogo ama isiyo nao kabisa. Ukiona mtu wa duka anachukua besi nyeupe kukutengenezea maruni, msimamishe. Utaenda nyumbani na pinki.

Namba inashinda jina

Kama unataka lugha ambayo kampuni nyingi zinaelewa, itisha namba ya RAL. Huu ni mfumo wa Ujerumani ulioanza 1927 ukiwa na rangi 40, na saa hii kadi yake ya kawaida ina zaidi ya 200. Nyekundu zote huanza na 3. Hizi ndizo za mtaa wa maruni:

- RAL 3003: nyekundu ya kito cha rubi, bado inang'ara.
- RAL 3004: nyekundu inayoegemea zambarau.
- RAL 3005: nyekundu ya divai. Wengi wakisema maruni, hii iko karibu.
- RAL 3007: nyekundu inayokaribia nyeusi.
- RAL 3009: nyekundu ya oksidi, ile ya mabati na sakafu.
- RAL 3011: nyekundu yenye ukahawia.

Waingereza nao wana kadi yao ya BS 381C, na maruni humo ni namba 541.

Omba kadi halisi, iweke kwa ukuta, chagua iliyo karibu zaidi. Usitumie picha ya simu. Kamera hujirekebisha kulingana na mwanga, na kioo cha simu yako si sawa na cha mtu wa hadiwea. Maruni uliyotuma kwa WhatsApp inaweza kufika ikiwa kahawia.

Peleka kipande cha ukuta

Njia safi kabisa ni kupimisha. Maduka makubwa ya rangi huwa na kifaa kidogo kinachomulika rangi, kinasoma mwanga unaorudi, kisha kompyuta inatafuta mchanganyiko wa karibu kwa rangi za kampuni hiyo.

Wewe unahitaji kipande kikavu, safi na bapa, kama sentimita 3 kwa 3. Kata kwa kisu mahali pasipoonekana: nyuma ya mlango ama chini ya swichi. Kifute kwanza, juu mashine itasoma mafuta ya chapati kama sehemu ya rangi.

Matokeo huja na namba ya tofauti, inaitwa delta E. Ikiwa chini ya 1, macho ya kawaida yatahangaika kuona tofauti. Ikifika 3 na rangi ziko bega kwa bega, landi ataona. Jua pia kwamba rangi zilizokolea zinasumbua hiki kifaa kuliko zile hafifu, haswa kama ukuta unang'aa. Mashine inakufikisha karibu, halafu jicho linamaliza kazi.

Mng'ao unaweza kukuuza

Rangi inaweza kuwa ileile na bado kiraka kionekane. Ile sehemu ya chini ya ploti nyingi ni rangi ya mafuta inayong'aa. Ukipaka juu yake rangi ya maji isiyong'aa, itaonekana imepauka hata kama namba ni moja. Pia inaweza kubanduka, juu ukuta unaoteleza hauishiki. Itisha aina ileile na mng'ao uleule.

Hujui ni gani? Chukua kitambaa chenye spiriti kidogo, sugua mahali palipojificha. Kitambaa kikichukua rangi kwa wepesi, hiyo ni rangi ya maji. Kikibaki safi, ni ya mafuta.

Jaribu kabla ya kujitolea

Nunua kopo dogo zaidi kwanza. Paka kadibodi mikono miwili, si ukuta. Acha ikauke usiku mzima. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana na weupe fulani, ikikauka inakolea, kwa hivyo usihukumu ikiwa bado na unyevu.

Kisha bandika kadibodi kwa ukuta na uiangalie mara tatu: asubuhi kwa mwanga wa dirisha, jioni, na usiku na balbu. Balbu ya manjano inaipa nyekundu uhai. Ile nyeupe ya baridi inaifanya ionekane imechoka. Ikipita mitihani yote mitatu, rudi ununue.

Siku ya kupaka

Usipake kiraka katikati ya ukuta. Paka kutoka kona hadi kona. Kila upande wa kona hupokea mwanga wake, kwa hivyo tofauti ndogo inajificha hapo. Hii mbinu pekee imeokoa dipoziti nyingi.

Nyekundu haifuniki vizuri. Ukianza juu ya fila nyeupe, utapaka mikono minne na bado mashimo yanachungulia. Weka andakoti ya kijivu kwanza. Maruni itakaa vizuri juu ya kijivu kuliko juu ya nyeupe.

Ukiwa na makopo mawili, yamwage kwa ndoo moja ukoroge. Hata makopo ya kampuni moja yanaweza kutofautiana kidogo kama hayakutengenezwa siku moja.

Na kabla upige msasa, soma hii. Nyekundu na njano za zamani zilikuwa zinaweza kutiwa risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi lake huumiza akili ya watoto. Kama jengo ni la kitambo, lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, futa vumbi na kitambaa chenye unyevu. Watoi wakae kwa jirani hadi umalize.

Hesabu ya haraka

Lita moja hufunika takriban mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini. Ukuta wa mita 3, na maruni imepanda hadi mita 1.2, ni mita mraba 3.6. Mikono mitatu ni 10.8. Kwa hivyo lita moja inakutosha, labda na tone. Fundi akikuambia ununue lita 4 kwa hiyo kazi, muulize zile zingine zinaenda wapi.

Maswali ya mtaa

*Naweza kuongeza nyeusi mwenyewe?* Kwa dharura, ndio, tone kwa tone, ukijaribu kwa kadibodi. Lakini ukiishiwa kabla ukuta uishe, hutaweza kurudia mchanganyiko huo.

*Na kama haifanani kabisa?* Paka sehemu yote ya maruni, kuta zote za chumba. Itakula lita kadhaa, lakini linganisha na dipoziti uone gani ni kubwa.

*Ninaingia keja mpya. Nifanye nini?* Siku ya kwanza, kabla uingize godoro, piga picha za kuta zote na uulize jina na namba ya rangi kwa meseji, ili jibu libaki limeandikwa. Siku ya kuhama ikifika, hutakuwa unabahatisha.