Mtoto wa Rabi na Ngazi za New York

Oktoba 1873, Felix Adler alisimama kuhubiri katika sinagogi la Emanu-El, New York. Alikuwa na miaka 22, na shahada ya udaktari aliyoipata Heidelberg ilikuwa mpya kabisa. Baba yake, Samuel, alikuwa amekuja Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1857 kuliongoza sinagogi hilo, na wengi walimtazamia kijana huyu kuwa mrithi wake. Aliongea juu ya dini ya Kiyahudi ya siku zijazo, juu ya haki, juu ya wajibu wa mtu kwa mwenzake. Jina la Mungu hakulitaja. Hotuba ilipokwisha, na habari ya urithi ilikuwa imekwisha.

Alifundisha kwa muda mfupi Chuo Kikuu cha Cornell, kisha Mei 15, 1876 akarudi mbele ya wasikilizaji wa New York na pendekezo: watu wakutane kila Jumapili, bila sala wala ungamo la imani, wazungumze namna ya kuishi vizuri, halafu watoke wakafanye walichokizungumza. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Utamaduni wa Maadili. Anayemwamini Mungu angeweza kukaa kiti kimoja na asiyemwamini. Adler alikuwa amemsoma sana mwanafalsafa Kant, na alishika kwake neno moja kubwa: kila binadamu ana thamani isiyopimwa kwa faida anayowaletea wengine. Wengi walisoma neno hilo vyuoni. Yeye alitaka kujua linadai nini kwa mtu anayeishi ghorofa ya tano bila dirisha.

Maana New York ya siku zile ilikuwa na maelfu ya watu wa namna hiyo. Wahamiaji walisongamana katika nyumba za kupanga za upande wa mashariki wa jiji, familia nzima chumbani, vyumba vya katikati vikiwa giza mchana na usiku. Maskini akiugua hapo, daktari hakumfikia kwa urahisi. Mwaka 1877, chama kikiwa bado kichanga, kilianza kuwalipa wauguzi waliosomea kazi hiyo wapande ngazi zile, waingie mlango kwa mlango. Kwangu mimi, hapa ndipo jumuiya ilipoanza hasa. Mei 1876 yalikuwa maneno.

Mwaka uliofuata walifungua chekechea ya bure, na mwaka 1880 shule ya watoto wa wafanyakazi, ambako mtoto alijifunza kwa mikono yake sawa na alivyojifunza kwa kitabu. Shule ilisifika mno. Sifa ikaleta watoto wa wenye nazo, na gharama zikalemea, hata mwaka 1890 ikaanza kupokea wanaolipa ada. Nafasi za bure hazikufutwa, lakini shule iliyoanzishwa kwa ajili ya maskini haikubaki yao peke yao. Jambo hili linauma, na sioni sababu ya kulifunika. Jumuiya inayojipima kwa matendo haina budi kupimwa pia kwa matendo yaliyopungua.

Baadhi ya wafuasi waliona kwamba kutembelea hakutoshi. Stanton Coit alihamia upande wa mashariki wa jiji na mwaka 1886 akaanzisha hapo kituo cha ujirani, cha kwanza cha aina yake Marekani, kabla ya kwenda kuongoza jumuiya kama hiyo London. John Lovejoy Elliott alianzisha chake mtaa wa Chelsea mwaka 1895, akaishi humo humo kati ya wabeba mizigo na watoto wa mitaani hadi alipofariki mwaka 1942. Miaka hiyo yote alikuwa jirani.

Pigano lao refu kuliko yote lilihusu ajira ya watoto. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ilihesabu zaidi ya watoto milioni 1.7 wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa kazini. Kamati ya taifa ya kupinga ajira hiyo ilipoundwa mwaka 1904, Adler ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Na katika shule yake kulikuwa na mwalimu mmoja, Lewis Hine, aliyejifunza kupiga picha akiwa hapo hapo. Tangu 1908 Hine alizunguka kwa niaba ya kamati, kwenye viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe. Mara nyingi ilimbidi aingie kwa kisingizio cha kazi nyingine. Kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake yeye mwenyewe, na umri akauandika kwa siri, mkono ukiwa mfukoni. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1916. Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 1918. Sheria iliyosimama ilikuja mwaka 1938, Adler akiwa amefariki miaka 5 kabla.

Watu wa jumuiya hii walikuwamo pia mwaka 1909 katika kuanzisha chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP. Henry Moskowitz, mmoja wa waasisi wake, alikuwa mtu wa jumuiya hii. Mwaka 1911 wazo la Adler lilizaa mkutano wa dunia kuhusu mataifa na rangi uliofanyika London, na W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alikuwapo.

Mtu anaweza kuuliza: watu wasioswali pamoja hushikamana kwa nini? Walikuwa na ndoa zao, na majina ya watoto kutolewa hadharani, na mazishi, yote yakisimamiwa na waliowaita viongozi. Lakini nadhani jibu liko Vienna. Mwaka 1938 Wanazi waliiteka Austria na kuwakamata viongozi wawili wa jumuiya ya maadili ya huko, Wilhelm Börner na Walter Eckstein. Elliott, akikaribia miaka 70, aliiacha Chelsea, akavuka bahari na kwenda kuwadai kwa waliowashika. Wote wawili waliachiliwa.