Mkasi Usioulizwa Swali

Uchungu wa mwana, walisema wazee, aujuaye ni mzazi. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, lakini sikuuelewa sawasawa mpaka siku ile dada yangu aliporudi nyumbani kutoka hospitali na mtoto wake wa kwanza. Tulimtandikia godoro, tukampangia mito, lakini kukaa hakuweza. Aliegemea upande mmoja huku akiuma meno. "Wameniongezea njia," alisema, na kina mama waliokuwapo wakatikisa vichwa, maana maneno hayo kila mmoja aliyajua. Beseni la maji ya vuguvugu na chumvi likaletwa bila mtu kuagiza.

Bibi yetu, ambaye enzi zake alikuwa mkunga wa kijijini, alimwuliza swali moja tu.

"Walikuuliza lakini, mjukuu wangu?"

"Waniulize nini, bibi? Nilisikia mkasi tu."

Ndugu msomaji, swali hilo la bibi ndilo lililonipeleka maktaba. Nilitaka kujua mkasi huu ulianzia wapi, nani aliuingiza leba, na kwa hoja gani. Nilichokikuta ni habari ya karibu miaka 300, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyeuliza kama bibi alivyouliza.

Kwanza tuelewane. Msamba ni ile sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kichwa cha mtoto kinapotoka, msamba hutanuka mpaka ukawa mwembamba. Mara nyingine hubaki mzima, mara nyingine huchanika. Madaktari wanaupima mchaniko kwa ngazi 4. Ya kwanza ni ngozi tu. Ya pili ni ngozi pamoja na misuli ya msamba. Ya tatu imefika kwenye misuli inayofunga njia ya haja kubwa, na ya nne imepita mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Hizo mbili za mwisho ndizo za kuogopwa, kwa kuwa mama anaweza kushindwa kuzuia haja. Sasa, kuongezwa njia ni kukatwa msamba kwa makusudi kabla haujachanika. Na mkato wenyewe wa kawaida, hata ukienda vizuri, ni jeraha la ngazi ya pili. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Habari inaanzia Dublin, mwaka 1742. Daktari mmoja wa huko, Fielding Ould, aliandika kitabu cha ukunga, na ndani yake akashauri kwamba pale kichwa cha mtoto kinapokwama mlangoni baada ya uchungu wa muda mrefu, basi msamba ukatwe kwa mkasi uliopinda. Hakusema kila mama akatwe. Alisema yule aliyekwama. Mwaka 1759 Ould akawa mkuu wa hospitali ya wazazi ya Rotunda mjini humo, lakini dawa yake haikuenea. Ingeeneaje? Dawa za usingizi hazikuwapo, etha ilianza kutumika katika upasuaji mwaka 1846, na vidonda vilioza kwa sababu hakuna aliyejua habari za vijidudu. Hata jina rasmi la mkato huo lilikuja mwaka 1857 tu, kutoka kwa Carl Braun, daktari wa Vienna.

Basi mkasi ukakaa kabatini, ukitolewa siku ya shida. Waliokuja kuutoa kabatini moja kwa moja ni Wamarekani. Mwaka 1918 Ralph Pomeroy wa Brooklyn aliuliza kwenye maandishi yake kama kila mwanamke anayezaa mara ya kwanza asikatwe kisha akashonwa. Miaka miwili baadaye, 1920, Joseph DeLee wa Chicago akaja na mpango kamili: mama apewe dawa za kumlegeza, avutishwe etha, msamba ukatwe, mtoto avutwe kwa koleo, na kondo la nyuma litolewe kwa mkono. Kwa DeLee, kuzaa hakukuwa kazi ya mwili bali ugonjwa unaohitaji kuzuiwa usilete madhara. Alidai mkato unaokoa ubongo wa mtoto, unazuia misuli kulegea, na ukishonwa vizuri humrudishia mama hali ya ubikira. Hapo msomaji unaweza kujiuliza mwenyewe hoja hiyo ya mwisho ilimlenga mama au ilimlenga baba.

Wapo wenzake waliompinga. Lakini DeLee alikuwa mtu mkubwa, na mambo mengine yakamsaidia. Mwaka 1900 wanawake wachache sana wa Marekani walizalia hospitali. Kufika miaka ya 1950 karibu wote walizalia huko, wamelala chali, miguu juu, wengi wakiwa na dawa kichwani. Mtu aliyelazwa hivyo hujadiliana na nani? Mkato ukawa desturi, desturi ikawa sheria, na sheria ikafundishwa wanafunzi. Hoja ikawa ya kifundi: mkato ulionyooka hushonwa vizuri kuliko mchaniko wenye meno. Yaingia akilini, sivyo? Kosa ni moja tu, hakuna aliyeipima. Mwaka 1979, kati ya wanawake 100 wa Marekani waliozaa kwa njia ya kawaida, takriban 61 walikatwa.

Waliovunja ukimya walikuwa wanawake wenyewe. Uingereza, mwaka 1981, Sheila Kitzinger alikusanya na kuchapisha maelezo ya kina mama waliokatwa: maumivu, kushonwa, ndoa kuyumba. Mwaka 1983 Thacker na Banta, Wamarekani, wakatoa matokeo ya kupitia maandishi ya kitaalamu ya tangu 1860 hadi 1980. Walitafuta ushahidi kwamba mkato wa kila mtu una faida. Walipata kidogo mno.

Halafu akaja mkunga. Jennifer Sleep na wenzake, katika mji wa Reading huko Uingereza, walifanya jambo ambalo mabwana wakubwa hawakulifanya kwa miaka 60. Waligawa wanawake 1,000 katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kama kuchota kura. Kundi moja mkunga alitakiwa akate ili kuzuia mchaniko. Kundi la pili alitakiwa ajizuie, asikate isipokuwa mtoto yuko hatarini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Kundi la kwanza walikatwa 51 katika kila 100, la pili 10. Na nini kiliwapata wale ambao hawakukatwa? Walichanika zaidi, ndiyo, lakini 34 katika kila 100 walitoka na msamba mzima, wakati kundi la kwanza ni 24. Michaniko mibaya ilikuwa michache mno pande zote. Watoto walikuwa na hali moja. Maumivu ya siku ya 10 na ya mwezi wa 3 yalilingana. Wale wa kundi la pili waliwahi kurudi kwenye tendo la ndoa. Wakafuatwa tena baada ya miaka 3: kuvuja mkojo hakukutofautiana.

Marekani ya Kaskazini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu kule walizoea kukata katikati, kuelekea moja kwa moja njia ya haja kubwa, badala ya kukata kwa mshazari kama Waingereza. Mwaka 1992 Michael Klein na wenzake wa Montreal walionyesha kwamba karibu michaniko yote mibaya waliyoikuta ilitokea kwa waliokatwa. Ajabu? Nenda dukani ukanunue doti ya kanga. Muuzaji anatia mkasi kidogo pembeni, kisha anazitenganisha kwa mikono, chwaa! Asipotia mkasi atahangaika. Kila mama aliyewahi kununua kanga anajua jambo ambalo vitabu vilichelewa kulijua.

Mwaka 1993 yakaja ya Argentina, hospitali 8, wanawake 2,606. Waliokatwa kwa desturi walikuwa 83 katika kila 100, waliokatwa kwa sababu maalumu 30. Michaniko mibaya haikupungua kwa kukata zaidi: 1.5 katika 100 kwa wale wa desturi, 1.2 kwa wengine. Waliokatwa kidogo walipata vidonda vingi zaidi upande wa mbele, tusifiche, lakini maumivu na matatizo ya kupona yalikuwa machache. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likaweka mkato wa ovyo katika orodha ya mambo yanayofanywa isivyofaa, na mwaka 2018 likarudia kwamba usifanywe kwa desturi kwa mama anayejifungua mwenyewe. Badala yake likataja kitambaa cha maji ya moto, kuukanda msamba, na mkono wa kuulinda. Marekani nako, kufika 2004, waliokatwa walishuka hadi 25 katika kila 100.

Nilipomsomea bibi habari ya kitambaa alicheka mpaka akakohoa. "Hicho nilikuwa nacho mie!" Lakini hakujisifu. Alinyamaza kidogo, akasema wapo wanawake wa kijijini kwake waliochanika vibaya na hapakuwa na wa kuwashona, wakaishi na aibu mpaka kaburini. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya. Simwambii mama yeyote akimbie hospitali. Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kichwa kiko mlangoni, au koleo likihitajika, mkasi unaweza kuwa wokovu, kama Ould alivyosema. Ninachokataa ni ule uongo kwamba mama hana la kuchagua ila mkasi au balaa. Mara nyingi chaguo ni kati ya jeraha la hakika na jeraha la labda, na la labda aghalabu ni dogo.

Dada ana mimba ya pili sasa. Wiki iliyopita alimwuliza mkunga wa kliniki kama atakatwa tena. Mkunga, binti wa rika lake, aliiweka kalamu chini.

"Siwezi kukuahidi dada, tutaona siku yenyewe. Ila sikati kabla sijakwambia."

Dada alirudi nyumbani akatueleza. Bibi akamwambia arudie maneno hayo mara ya pili, polepole, maana masikio yake siku hizi ni mazito.