Kutoka Peugeot 504 hadi Premio

Pasaka ya mwaka 1975, Msweden Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha Peugeot 504. Waliofuatilia mashindano hayo hawakushangaa. Gari lililoitangulia, Peugeot 404, lilikwisha kushinda mara nne kati ya 1963 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Wateja wa Afrika Mashariki walinunua gari walilokwisha kuliona likipita kwenye tope na vumbi la kwao.

504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka barani Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, lakini heshima yake huku kwetu ilitoka chini, kwenye springi. Zilikuwa laini na ndefu, zikimeza shimo kabla abiria hajalisikia. Injini ilisukuma magurudumu ya nyuma. Stesheni wagoni yake ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, ndiyo maana ilifanywa teksi ya safari ndefu, watu wamejaa ndani na mizigo imefungwa juu. Ilipoharibika njiani, fundi mwenye spana na akili aliweza kufungua kabureta, kuisafisha na kuirudisha hapo hapo.

Premio ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Toyota iliitoa mwishoni mwa 2001 kwa ajili ya soko la Japani peke yake. Kwetu haikuuzwa ikiwa mpya. Hushuka melini Mombasa na Dar es Salaam baada ya kutumiwa na mmiliki wa kwanza. Nyingi zina injini ndogo ya takriban sentimita za ujazo 1,500, gia za otomatiki, na kompyuta inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini.

Kwa safari ya leo ya lami, nasema bila kusita: Premio ni bora. Haili mafuta kama 504, na ina mifuko ya hewa na breki za ABS. Nani angependa kupata ajali ndani ya gari lisilo na kinga hizo? Lakini ikiacha lami, tumbo lake hukwaruza mawe, na wengi huipeleka gereji kuwekewa spesa ili iinuke. Haikuundwa kwa njia hizo.

Kinachoniuma zaidi ni kazi tuliyoipoteza. 504 iliunganishwa Mombasa na Kaduna, Nigeria, kwa mikono ya Waafrika, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza matoleo yake ya abiria mwaka 1983. Premio hufika ikiwa kamili. Nayo sasa inaondoka: Toyota ilisimamisha utengenezaji wake mwaka 2021, na Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini.

Mwenye 504 iliyolala nyuma ya nyumba asikimbilie kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amtafute kwanza fundi mzee anayeijua, naye fundi huyo aje na kijana wa kumfundisha.