Unyayo Mchangani: Kisiwa cha Robinson na Kumbukumbu za Utotoni

Kwa Waingereza wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1960 na 1970, likizo ya kiangazi ilikuwa na mlio wake: mawimbi yakijimwaga ufukweni, na muziki ukipanda na kushuka pamoja nayo. Huo ndio uliokuwa ufunguzi wa The Adventures of Robinson Crusoe, tamthilia ya vipindi 13 vya kiasi cha dakika 25 kila kimoja, ambayo BBC ilianza kuionyesha mwezi wa Oktoba 1965. Ilirudiwa tena na tena, aghalabu wakati shule zimefungwa, hata ikawa kama sehemu ya majira yenyewe.

Ajabu ni kwamba kitu hiki, kilichokuja kuhesabiwa kuwa mali ya utoto wa Kiingereza, hakikutengenezwa Uingereza. Kilikuwa kazi ya Wafaransa na Wajerumani, chini ya uongozi wa Jean Sacha. Aliyeigiza Robinson ni Robert Hoffmann, kijana wa Austria aliyezaliwa Salzburg mwaka 1939. Kisiwa kilichoonekana ni Gran Canaria, mkabala na pwani ya Afrika ya kaskazini-magharibi. Sauti ya msimulizi wa Kiingereza ilikuwa ya Lee Payant, Mmarekani. Wajerumani wa Magharibi waliiona tamthilia hiyo mwaka 1964, kwa sehemu nne ndefu. Hata muziki haukuwa mmoja: Wafaransa walisikia utunzi wa Georges Van Parys, ilhali Waingereza walisikia ule wa Robert Mellin na Gian-Piero Reverberi. Kwa hiyo Mfaransa na Mwingereza wa rika moja huweza kuukumbuka ufukwe uleule, lakini kila mmoja akawa na wimbo wake masikioni.

Sababu za mapenzi hayo si siri. Televisheni ya Uingereza wakati huo ilikuwa na idhaa tatu tu, mashine za video zilikuwa bado hazijaenea majumbani, na kipindi kilichopita kilikuwa kimepita. Watoto wa mji mkuu na wa vijijini walikitazama kitu kimoja kwa saa moja, wakakutana nacho tena katika michezo yao. Kisha kulikuwa na hadithi yenyewe. Watazamaji hao wadogo walimwona mtu mmoja akiokoa vyombo kutoka katika merikebu iliyovunjika, akijijengea makao, akijifunza kwa makosa. Hakuwapo mkubwa wa kumwamrisha, wala mwenza wa kuzungumza naye. Uhuru na upweke vilikaa mahali pamoja, na mtoto huvijua vyote viwili mapema kuliko wakubwa wanavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipindi hivyo vilitoweka katika ratiba. Muziki wake ulitolewa tena mwaka 1990, na mwaka 1997 vipindi vyenyewe vikapatikana katika kanda za video. Katika muda huo wa katikati, mapenzi ya tamthilia hiyo hayakuwa na hifadhi nyingine ila vichwa vya watu.

Lakini kumbukumbu si ghala, ni chekecheo. Hubakisha punje na kuachia nyingine. Katika riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719, iliyozaa tamthilia hii, Robinson mwenyewe huwa mateka huko Salé, Morocco, kisha hutoroka pamoja na kijana Xury, na baadaye humuuza kijana huyo kwa nahodha wa Kireno kwa vipande 60 vya fedha. Safari iliyomtupa kisiwani si ya mtafuta maajabu: alikuwa ametoka Brazil kwenda pwani ya Guinea kununua watumwa kwa ajili ya mashamba. Na alipomwokoa mtu mwingine, hakumwuliza jina. Alimwita Friday, kwa siku ya Ijumaa aliyomwokoa, kisha akamfundisha kumwita yeye Bwana.

Hapo ule unyayo maarufu mchangani hubadilika maana. Kwa Robinson ulikuwa kitisho, kwani alikwisha kuamini kwamba kisiwa ni chake. Hata hivyo riwaya yenyewe inakiri kwamba watu wa bara ya karibu walikuwa na desturi ya kufika hapo kwa mitumbwi. Kisiwa hakikuwa kitupu. Aliyetupwa humo ndiye aliyekuwa hajawaona wenyeji wa maji yale. Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo baina ya anayeutazama ufukwe kutoka merikebuni na anayeitazama merikebu kutoka ufukweni.

Defoe alikiweka kisiwa hicho karibu na mlango wa mto Orinoco, yaani katika bahari ya Karibi. Mwaka uleule wa 1965, watoto wa Uingereza walipokuwa wakiyatazama mawimbi ya Gran Canaria, mshairi Derek Walcott, mzaliwa wa kisiwa cha St. Lucia katika bahari hiyohiyo, alichapisha diwani yake The Castaway, akimrudia Robinson kwa jicho la mwenyeji. Miaka miwili baadaye Mfaransa Michel Tournier aliiandika upya hadithi hiyo, Friday akawa ndiye mwalimu. Walcott alirejea tena mwaka 1978 kwa tamthilia ya jukwaani, Pantomime, ambamo mwenye hoteli mweupe na mtumishi wake mweusi hubadilishana nafasi za bwana na mtwana.

Hoffmann alifariki dunia mwezi wa Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 82, na waliompenda utotoni ni wazee sasa. Hakuna anayewataka waikane ile furaha; ilikuwa ya kweli. Linalofaa ni kwamba wanapowaonyesha wajukuu wao vipindi vile, wauache muziki ule uleule ucheze, na unyayo utakapoonekana mchangani, wawasimulie pia habari za mwenye mguu.