Kura ya Kutokuwa na Imani katika Jamhuri ya Kibunge ya Ujerumani: Kutoka Weimar hadi Bonn

Katika historia ya katiba ya Ujerumani, Ibara ya 67 ya Sheria ya Msingi ya 1949 huelezwa kuwa tiba ya maradhi ya Jamhuri ya Weimar, yaani bunge lililoweza kubomoa serikali bila kuweza kuunda nyingine. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yanabeba nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika mamlaka ya Rais.

Chini ya Katiba ya 1919, Kansela aliteuliwa na Rais, naye alilazimika kujiuzulu endapo Bunge lingemnyima imani. Wabunge hawakutakiwa kumtaja mrithi. Vyama vilivyohasimiana viliweza kuungana kwa siku moja, kisha vikatawanyika. Ndivyo zilivyoanguka serikali za Hans Luther na Wilhelm Marx mwaka 1926.

Hata hivyo, matukio ya kuanzia 1930 yanatoa picha tofauti. Hermann Müller alijiuzulu Machi 1930 baada ya vyama vya muungano wake kutoafikiana kuhusu bima ya wasio na ajira. Hakuangushwa kwa kura. Heinrich Brüning, aliyetawala kwa amri za dharura za Rais chini ya Ibara ya 48, aliondoka Mei 1932 kwa kupoteza imani ya Rais Paul von Hindenburg, si ya Bunge. Tarehe 12 Septemba 1932, Bunge lilimkataa Franz von Papen kwa kura 512 dhidi ya 42, lakini Rais alikwisha kutia saini amri ya kulivunja, na Papen akabaki madarakani hadi Novemba. Kansela asiye na wabunge alikuwa na mahali pengine pa kuegemea.

Baraza lililoandika Sheria ya Msingi mjini Bonn, chini ya uenyekiti wa Konrad Adenauer, lilifunga milango yote miwili. Kwa mujibu wa Ibara ya 67, Bunge humwondoa Kansela kwa njia moja tu, nayo ni kumchagua mrithi wake kwa wingi wa wabunge wote. Saa 48 sharti zipite kati ya hoja na kura. Wakati huohuo, Rais hachaguliwi tena na wananchi moja kwa moja, hana amri za dharura za namna ya Ibara ya 48, na huweza kuvunja Bunge katika hali chache zilizoainishwa.

Utaratibu huo ulijaribiwa mara mbili katika Bunge la Shirikisho. Tarehe 27 Aprili 1972, Rainer Barzel alipata kura 247 ilhali zilihitajika 249, na Willy Brandt akabaki Kansela. Siku iliyofuata, bajeti ya ofisi yake ilikwama kwa kura 247 kwa 247. Tarehe 1 Oktoba 1982, Helmut Kohl alimrithi Helmut Schmidt kwa kura 256.

Tukio la 1972 ndilo lenye uzito zaidi kwa hoja hii. Ibara ya 67 ilikilinda kiti cha Brandt, lakini haikumpa wingi wa kupitisha bajeti. Alitoka katika mkwamo huo kupitia Ibara ya 68: aliomba kura ya imani, akaikosa, Bunge likavunjwa na uchaguzi ukafanyika Novemba 1972. Njia hiyo ilitumiwa tena na Kohl mwaka 1982, Gerhard Schröder mwaka 2005 na Olaf Scholz mwaka 2024.

Kwa hiyo, Sheria ya Msingi haikuondoa uwezekano wa Kansela kupoteza wabunge, na hakuna ibara iwezayo kufanya hivyo. Ilibadili mahali anapoelekea anapowapoteza. Enzi za Weimar alielekea kwa Rais na kalamu yake ya amri. Tangu Bonn, huelekea kwa mrithi aliyetajwa kwa jina au kwa wapigakura. Taifa linaloiga Ibara ya 67 peke yake, huku likimwachia Rais mamlaka ya dharura, huwa limeiga kufuli na kuuacha mlango wa nyuma wazi.